Barua ya wazi kwa Bodi ya hospitali yetu: ruhusa ya mgonjwa haikuwa yenu kuiuza

Moshi Vijijini, Kilimanjaro

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Hospitali

Mheshimiwa Mwenyekiti na Waheshimiwa Wajumbe,

YAH: WANAFUNZI WA KIGENI KUHUDUMIA WAGONJWA BILA SIFA NA BILA RIDHAA YA WAGONJWA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nilifanya kazi katika hospitali mnayoisimamia kwa miaka 27, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimaliza leba. Sitaitaja hospitali kwa jina, kwanza kwa sababu bado naipenda, na pili kwa sababu ninayotaka kuyasema hayafanyiki kwetu peke yetu. Yeyote anayeishi kati ya Moshi na Arusha, aliyewahi kuona zile Coaster zikishusha vijana wa Kizungu waliovaa sare za bluu za chumba cha upasuaji, mikunjo ya dukani ikiwa bado haijanyooka, anaweza kuweka hapo jina la hospitali anayoijua yeye. Ninyi mnajua naizungumzia ipi.

Naandika hadharani kwa kuwa njia za ndani zimeniishia. Mwaka 2019, nikiwa bado kazini, nilizungumza na wakubwa wangu wa wodi, nikaambiwa nisiwakasirishe wageni. Nikaandika karatasi na kuitumbukiza katika sanduku la maoni lililo karibu na dirisha la dawa, ambalo baadaye nilikuja kujua kwamba ufunguo wake ulipotea tangu kabla ya ukarabati. Baada ya kustaafu nilimwandikia Katibu wa Bodi barua ya kurasa nne. Nakala yangu ninayo, ina mhuri wa “Imepokelewa”. Miezi mitatu baadaye nilikumbushia. Katibu, ambaye tunasali naye, aliniambia kwa upole nje ya kanisa kwamba jambo hilo linafanyiwa kazi. Msimu uliofuata wageni waliongezeka.

Kabla ya kuanza malalamiko yangu, naomba nieleweke katika jambo moja. Siwashitaki vijana hao. Wengi wao wana miaka 19 au 20, wametoka mbali kwa nia njema, na wengine wameuza keki na kuosha magari kwao ili wapate nauli. Hawakuvunja mlango wa leba. Mlango tuliwafungulia sisi, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioshika ufunguo: zaidi ya miaka 10 iliyopita nilimpa mmoja wao glovu kwa mkono wangu na kumwonyesha mahali pa kusimama, nikijiona mkarimu. Sikumgeukia mama aliyelala pale kitandani kumuuliza. Basi haya ninayoyaandika yananihusu na mimi.

1. Mgonjwa haulizwi

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, mkamwana wangu alikuja kujifungua mtoto wake wa kwanza hospitalini kwetu. Mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu, hivyo nilikaa kwenye benchi la korido kama mama mkwe mwingine yeyote, chupa ya mtori na khanga mbili mapajani, ukungu wa Julai umeziba madirisha yote. Kutoka ndani nilisikia Kiingereza, kisha kicheko, kisha kimya.

Siku ya tatu, tukiwa nyumbani, ndipo aliponisimulia, na alisimulia akiutazama ukuta. Waliingia watano. Hakuna aliyejitambulisha isipokuwa mmoja aliyemwambia, kwa Kiswahili cha kujifunza kitabuni, “Habari ya uchungu?” Mkunga alimpima njia ya uzazi. Halafu akamwambia mgeni wa kwanza avae glovu naye apime, kisha wa pili, kisha wa tatu, na walipomaliza wakawa wanalinganisha vidole vyao hewani kuona ni nani aliyepata sentimita ngapi. “Mama, nilidhani wote ni madaktari,” aliniambia. “Sasa ningemkatalia nani?”

Waheshimiwa, wengine wenu si watu wa fani hii, kwa hiyo naomba nieleze kwa nini nililala macho usiku ule. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mama aliye katika uchungu uliokolea, ambaye hali yake ni ya kawaida, apimwe njia kila baada ya saa nne. Saa hizo nne hazikuwekwa kwa ajili ya heshima tu. Kila kidole kinachoingia ni nafasi nyingine ya kuingiza vijidudu, hasa chupa ya uzazi ikiwa imekwisha kupasuka, na maambukizi ya uzazi ni miongoni mwa mambo yanayoua wanawake wetu baada ya kujifungua. Mkamwana wangu alipimwa mara nne ndani ya muda ambao ningeweza kunywa kikombe cha chai. Namshukuru Mungu kwamba yeye na mtoto ni wazima; lakini uzima wao hauhalalishi kilichofanyika.

Nilimfuata mkunga aliyekuwa zamu siku hiyo. Ni binti niliyemfundisha mwenyewe kupokea kichwa cha mtoto. Aliinamisha macho akasema, “Mama, tumeambiwa ni wageni wa hospitali.”

Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Kampuni inayowaleta vijana hawa huwatoza maelfu ya dola, na sehemu ndogo ya fedha hizo huletwa kwetu. Je, hicho kidogo kinacholetwa kinalipia nini? Chakula wanakula hosteli yao. Usafiri ni wa kampuni. Maji na umeme wanaotumia kwetu ni kidogo. Kinacholipiwa ni ruhusa ya kuingia mahali ambapo mgonjwa amelala akiwa hajiwezi, na ruhusa hiyo ni mali ya mgonjwa. Hospitali imeuza kitu ambacho haikuwa nacho.

2. Hawa si wanafunzi wa udaktari

Kuna mkanganyiko ambao umetudanganya kwa miaka mingi, na nadhani umewadanganya na ninyi. Kwetu, kijana akimaliza kidato cha sita na kufaulu masomo ya sayansi, huingia moja kwa moja kusomea shahada ya udaktari kwa miaka mitano, kisha hufanya mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo. Kwa hiyo tukiambiwa “huyu yuko chuo kikuu, anaelekea kuwa daktari”, sisi kichwani tunamweka mwaka wa tatu au wa nne wa udaktari. Marekani, wanakotoka wengi wao, mambo hayako hivyo. Kule mtu husoma kwanza shahada nyingine, kwa kawaida ya miaka minne, ndipo anapoomba nafasi katika chuo cha udaktari, ambako husoma miaka mingine minne. Wengi wanaokuja kwetu wako katika shahada hiyo ya kwanza. Nimewahi kumuuliza mmoja aliyekuwa ameshika mkasi wa kukatia kitovu anasoma nini. Alinijibu kwa uaminifu kabisa kwamba anasoma uchumi.

Wanakuja kwa sababu nafasi za vyuo vya udaktari kwao zina ushindani mkali, na mwombaji hutakiwa aonyeshe kwamba amewahi kukaa karibu na wagonjwa. Kwao, kijana kama huyo husukuma kiti cha magurudumu, hupeleka maua, humfuata daktari na kutazama kwa mbali. Akitaka kufanya zaidi ya hapo, hupanda ndege.

Nisidhaniwe kwamba nimeyatunga haya kwa hasira. Umoja wa Vyuo vya Udaktari vya Marekani ulitoa mwongozo mwaka 2011 kwa wanafunzi wanaokwenda nje ya nchi, ukiwataka wasifanye ugenini kazi ya tiba ambayo hawana mafunzo nayo na ambayo wasingeruhusiwa kuifanya nyumbani. Kwa hiyo wenyewe kwao wamekwisha kusema. Na sisi tunayo Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, na kabla yake Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ambazo haziruhusu mtu asiyesajiliwa kutoa huduma hizo. Mimi nilikuwa nalipia leseni yangu, na ningechelewa kuihuisha nisingepangiwa zamu. Kijana wa uchumi hakuulizwa leseni.

Zaidi ya hayo, wengi wao huingia nchini kwa visa ya matembezi, ambayo si kibali cha kujitolea. Mkiulizwa na Uhamiaji mtajibu nini?

Majirani zetu wamekwisha kuona mambo haya yanaweza kufika wapi. Mwaka 2019 akina mama wawili wa Uganda walifungua shauri mahakamani Jinja dhidi ya Mmarekani aliyeendesha kituo cha kulisha watoto wenye utapiamlo bila kuwa na mafunzo ya udaktari, wakidai kwamba watoto wao walikufa kutokana na huduma waliyopata pale. Mwaka uliofuata shauri liliisha kwa maridhiano, bila upande wa pili kukiri kosa. Sisemi kwamba sisi tumefika huko. Nasema kwamba yule naye alikuja kama kijana wa kujitolea.

3. Wanafunzi wetu wenyewe wanasukumwa nyuma

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndilo ambalo sijasikia likitajwa katika kikao chochote. Hospitali yetu hupokea wanafunzi wa uuguzi na ukunga kutoka vyuo vya mkoa huu. Kila mmoja ana kitabu chake cha vitendo, na humo lazima zisainiwe kazi alizozifanya chini ya usimamizi, zikiwemo idadi fulani ya kuzalisha, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho. Msichana anatoka Same au Rombo, wazazi wameuza mbuzi wawili ili alipe ada, anakuja zamu ya asubuhi, anakuta kitanda kimezungukwa. Yeye anasimama nyuma, karibu na ndoo ya klorini, akichungulia kati ya mabega.

Mwaka wangu wa mwisho kazini kulikuwa na mmoja wa namna hiyo. Alikuwa mwaka wa pili, mikono yake imetulia kuliko ya wengi waliokuwa wakilipwa mshahara. Wiki ya mwisho ya mazoezi alinijia na kitabu chake kikiwa na mistari mitatu mitupu, akaniomba nisaini kazi ambazo hakuzifanya. Nilikataa. Alilia kwa hasira, na alikuwa na haki. Yule msichana ndiye atakayebaki hapa kuwazalisha wajukuu wenu, Waheshimiwa, usiku, kwa taa ya simu umeme ukikatika. Wale wageni watakuwa wamekwisha kuandika maombi yao ya chuo.

4. Kambi za afya za siku mbili

Kila msimu wageni hupelekwa vijijini kwa siku mbili kupima presha na kugawa dawa walizokuja nazo katika mabegi. Foleni huwa ndefu, ngoma hupigwa, picha hupigwa. Baada ya hapo hakuna daftari linaloachwa zahanati, wala orodha ya nani alipewa nini.

Mzee mmoja jirani yangu, karibu miaka 80, alikuja kwangu akiwa na mfuko mdogo wa plastiki wenye tembe. Juu yake kulikuwa na maandishi ya kalamu kwa Kiingereza, nusu yake yamefutwa na jasho la mfukoni. Nilipoyasoma kwa shida niliona ni amlodipini, dawa ya presha, tembe moja kwa siku. Mzee alikuwa akimeza moja kila kichwa kilipomuuma. Zilizobaki alikuwa akimpa mkewe, kwa kuwa naye kichwa humuuma. Ameambiwa nini kuhusu kurudi kupimwa? Hakuna aliyeongea lugha yake. Ana presha kweli? Kwa kipimo kimoja, baada ya kutembea kilomita nne kupanda mlima na kukaa foleni juani, hata mimi ningekuwa nayo.

Presha ni ugonjwa wa maisha. Kumwanzishia mtu dawa ya siku 30 na kumwacha ni kumfundisha kwamba presha huisha dawa zikiisha. Mzee yule aliacha kwenda kliniki ya zahanati, ambako muuguzi wetu alikuwa amemfuatilia kwa subira, kwa sababu “Wazungu walishanitibu”.

5. Picha, na nyumba zinazotembelewa

Mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani alitumiwa picha kwa WhatsApp na binamu yake anayeishi Texas, na chini yake ameandikiwa, “Huyu si mtoto wako?” Alikuwa ni mtoto wake kweli, wodi ya watoto, mrija puani, mikononi mwa msichana wa kigeni anayetabasamu. Picha ilikuwa imewekwa mtandaoni na kusambaa hadi ikamfikia ndugu upande wa pili wa dunia kabla mtoto hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Huko Marekani kuna sheria ya tangu mwaka 1996 inayolinda taarifa za mgonjwa, na mhudumu anayemweka mgonjwa mtandaoni hivyo anaweza kupoteza kazi yake. Kwetu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hospitali ambayo imebandika ukutani “Hairuhusiwi kupiga picha” kwa Kiswahili tu, nadhani imemwandikia mtu asiyehusika.

Na kuna zile ziara za majumbani, ambapo vijana hupelekwa kuona umaskini. Nyumba huwa ni zilezile kila mwaka, za karibu na barabara ili Coaster ifike. Mjane mmoja katika nyumba hizo, ambaye kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, nakijua kwa kuwa tulichuma naye kahawa tukiwa wasichana, ameambiwa na mratibu kwamba siku ya wageni asiwashe redio. Huachiwa kilo mbili za mchele, sukari na sabuni ya mche. Nilipomuuliza anajisikiaje alicheka. “Mwenzangu,” alisema, “mimi nimekuwa Ngorongoro. Wanakuja, wananitazama, wanaondoka.” Halafu akaongeza kwamba angalau Ngorongoro hulipwa kiingilio.

6. Hatari kwa vijana wenyewe

Hili nalisema kwa ufupi. Mwaka 2018 msichana mmoja alijichoma sindano akijaribu kutoa damu. Alitakiwa kuanza dawa za kumkinga na VVU, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Watumishi watatu waliacha wodi asubuhi nzima wakimshughulikia, na mgonjwa aliyekuwa akitolewa damu alipimwa VVU kwa haraka, kwa ushauri nasaha wa dakika mbili, akiwa bado hajui kilichotokea. Msichana yule alikuwa mtoto wa mtu. Mama yake angeniuliza nani alimpa sindano, ningemjibu nini?

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu nimekwisha kuyasikia yote.

Jibu la kwanza litakuwa kwamba vijana hutazama tu. Basi tuulizane glovu zinazokwisha mapema kila Julai zinakwendea wapi.

La pili litakuwa kwamba hakuna mgonjwa aliyelalamika. Mwanamke aliyelala chali, katikati ya uchungu, mbele ya watu watano wenye sare, anadaiwa na hospitali fedha ambazo mumewe bado anazitafuta, na amelelewa kwamba mgeni hafukuzwi. Mlitaka alalamike saa ngapi, na kwa nani? Kwenye sanduku lile?

La tatu lina uzito, nami sitalikwepa: tunahitaji fedha. Ni kweli. Najua bei ya dizeli ya jenereta, na najua kwamba mashine ya ultrasaundi iliyo chumba namba tatu ililetwa na mmoja wa vijana hao aliyerudi miaka kadhaa baadaye akiwa daktari kamili. Naishukuru mashine ile. Ilimwokoa mama wa mapacha mbele ya macho yangu. Lakini kumbukeni mwaka 2020. Mwezi Machi, ugonjwa wa korona ulipowafanya wageni waitwe nyumbani, waliondoka wote ndani ya siku chache. Leba haikufungwa hata usiku mmoja. Hakuna mzazi aliyekosa mkunga kwa sababu wao hawapo, na wanafunzi wetu wa ukunga walijaza vitabu vyao. Tulichokosa ni fedha, na pengo la fedha lina njia zake za kuzibwa ambazo hazipiti juu ya kitanda cha mzazi.

Jibu la nne litakuwa kwamba kuna mkataba. Mkataba huo umesainiwa kati ya hospitali na kampuni, kwa Kiingereza, na hakuna mtumishi wa wodi aliyewahi kuuona. Nikiwa kazini niliuomba mara mbili.

Naomba pia niseme juu ya kijana mmoja, kwa kuwa haki inadai. Alikuja na kundi la mwaka 2017. Siku ya pili alitoka leba peke yake, akakaa kwenye benchi lilelile nililokuja kukalia mimi baadaye, akasema haoni sababu ya yeye kuwa mle ndani. Akauliza kuna kazi gani nyingine. Tulimpeleka masijala. Kwa wiki tano alipanga mafaili ya wagonjwa kwa namba pamoja na karani wetu, vumbi hadi kwenye kope, akijifunza Kiswahili kutoka kwa majina ya watu. Mpaka nastaafu, faili la mgonjwa wa mwaka 2017 lilipatikana kwa dakika mbili. La mwaka 2016 ilibidi umpe karani siku nzima na soda.

Kwa hiyo siombi wafukuzwe. Naomba yafuatayo.

Kwanza, mtu yeyote ambaye hana usajili nchini, au ambaye si mwanafunzi halali wa udaktari, uuguzi au ukunga aliyeletwa rasmi na chuo chake kwa mafunzo ya vitendo, asimguse mgonjwa. Asipime njia, asichome sindano, asishone, asikate kitovu. Agizo hili liandikwe, lisainiwe na Mwenyekiti, na libandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwenye mlango wa kila wodi.

Pili, hata wa kutazama, asiingie mpaka mgonjwa aulizwe kwa lugha anayoielewa, na mtu ambaye hatanufaika na jibu, kabla mgeni hajafika mlangoni. Leba iondolewe kabisa katika ratiba ya wageni. Mwanamke aliye katika uchungu hawezi kuombwa ridhaa ya jambo lisilomhusu.

Tatu, wanafunzi wa vyuo vyetu wapewe nafasi ya kwanza katika kila kitanda, na msimamizi wa wodi awe na mamlaka ya kumtoa mgeni yeyote bila kuomba ruhusa juu.

Nne, kambi za kugawa dawa zisimame. Wageni wanaotaka kwenda vijijini waende chini ya zahanati ya eneo husika, kwa dawa zilizo katika mwongozo wa taifa, na kila jina liingie katika daftari la zahanati siku hiyo hiyo.

Tano, mkataba na kampuni uwekwe wazi kwa watumishi, pamoja na kiasi kilichopokelewa kila mwaka na kilichofanyiwa. Tukijua fedha hiyo ni kiasi gani, tutaweza kuzungumza kama watu wazima jinsi ya kuipata kwa njia nyingine. Vyuo vinavyotuma vijana vinaweza kulipia masijala, ufuaji wa mashuka, au ada za wanafunzi watatu wa ukunga kutoka hapa mlimani. Vinaweza hata kuwaalika wauguzi wetu wawili kwenda kutazama kwao kwa mwezi mmoja. Kutazama tu.

Sita, mkamwana wangu aombwe radhi. Hajanituma niliombe hili, na huenda akakasirika akisoma.

Nimetuma barua hii kwa njia ya kawaida pia, na safari hii nimeipeleka kwa mkono kwa kila mjumbe badala ya kuiacha ofisini. Kundi la kwanza la msimu huu linatarajiwa wiki ya kwanza ya Juni, na hosteli imekwisha kupakwa rangi. Nawaomba mjibu kabla ya hapo, kwa maandishi, kwa kuwa mkunga atakayekuwa zamu asubuhi hiyo anatakiwa ajue kama anaruhusiwa kufunga mlango.

Wenu katika huduma,

Muuguzi mkunga mstaafu
(Jina, sahihi na anwani yangu mnavyo katika barua zangu mbili zilizotangulia.)

Nakala:
Mganga Mkuu wa Wilaya
Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania
Baraza la Madaktari Tanganyika
Wakuu wa vyuo vya uuguzi vinavyoleta wanafunzi hospitalini kwetu